Faini Aliyonyimwa Hermani

Kaka yangu Hermani aliomba kutozwa faini, akanyimwa. Nimeishi miaka arobaini na moja katika wilaya hii ya Hanang na sijasikia mwingine aliyelilia faini. Watu huzikimbia. Huhamia Singida, huficha mifugo kwa shemeji zao, hujifanya wagonjwa. Kaka yangu alikuwa mgonjwa kweli, na kwa sababu hiyohiyo wakamnyima. Aliyeyaleta yote hayo ni mimi, na nasema mapema ili asije mtu akaniambia nimejificha.

Jina langu Imakulata, fundi cherehani wa Endasak. Nina cheti cha kidato cha nne na mdomo mkali, na vyote viwili vimeshanitia hasara. Hermani ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Anaishi Getanuwas, kwenye boma la marehemu baba, pamoja na mama yetu Efrazia, ng'ombe kumi na wachache na punda wawili. Mkewe alirudi kwao Hirbadaw zamani, na simlaumu. Shule aliishia darasa la nne. Lakini mpe maneno uone.

Hermani alikuwa mshenga. Kwetu kijana hajipelekei posa mwenyewe, hutumwa mtu mwenye ulimi wa kutuliza wazee, na kwa miaka kumi na mitano mtu huyo alikuwa kaka yangu. Wabarbaig walimtuma kwa Wairaqw na Wairaqw wakamtuma kwa Wabarbaig, maana baba alikuwa wa huku na mama ni wa kule, na lugha zote mbili anazimudu. Aliweza kukaa kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, baba wa binti anamtukana, yeye anajibu kwa upole, hadi mzee acheke mwenyewe. Na ndoa ikitetereka baadaye, wa kwanza kuitwa ni mshenga. Anagombezwa yeye kwanza, ndipo waitwe wenye ndoa. "Mshenga ni mtu wa kugombezwa," alikuwa akiniambia. "Siku wakiacha kunigombeza, ujue sina kazi tena."

Ila alikuwa na misimu yake. Kuna miezi alilala nyuma ya nyumba ameuelekea ukuta, haogi, chakula hakigusi, na mama akawaambia watu ana homa ya tumbo. Kisha ghafla anaamka, halali tena usiku wala mchana, analima shamba lake na la jirani, anakwenda Mbulu kwa miguu kuhubiri, anarudi na posa tatu mkononi. Watu walimpenda sana akiwa hivyo. Mimi pia nilimpenda, kwa nini nidanganye? Alikuwa anachekesha, alikuwa anatoa, na kila aliyekaa naye aliondoka anajiona mtu. Tulisema damu yake ni ya moto, tukaishia hapo.

Februari mwaka juzi moto huo ulizidi. Siku tisa hakulala. Jirani yetu Yoakimu alikuwa amepata mtoto wa kiume, na mkewe Judith alikuwa ndani na kichanga cha siku nne. Judith huyo ni Hermani aliyemposea Yoakimu. Hermani alikaa kwa baba wa binti siku nzima akimwombea Yoakimu posa. Sasa, kwetu nyumba yenye mwanamke aliyetoka kujifungua, mwanamume haingii. Hata baba wa mtoto husimama nje akauliza habari kupitia ukutani mpaka siku zake zitimie. Hermani aliingia saa sita mchana, wakati mama mkwe amekwenda kuni. Alisema ametumwa kumpa mtoto jina. Judith akamkumbatia mwanawe, Hermani akamsukuma, naye akaangukia mafiga yenye moto na kuungua mkono kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Kaka akatoka na mtoto mbio hadi kwenye lambo la ng'ombe, akaingia majini mpaka kifuani, akamwinua juu na kumzamisha, akitaja majina ya watakatifu na ya mababu kwa pamoja.

Wanawake waliokuwa wakichota maji ndio waliomnyang'anya. Mtoto akapata nimonia, akalazwa siku kumi na moja. Alipona. Anaitwa Benedict, na sasa anakimbiza kuku.

Hermani alifungwa kwa kamba za ndama na kupakiwa kwenye pikipiki katikati ya wanaume wawili. Mimi nilimkuta hospitali, mjini. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, akatukalisha mimi na mama akatuambia ugonjwa unaitwa baipola. Ni ugonjwa wa akili, alisema, unampandisha mtu kupita kiasi halafu unamshusha kupita kiasi, na anaweza kuzaliwa na mwelekeo huo. Hauponi moja kwa moja kama malaria, bali unatulizwa kwa dawa, kila siku. "Hata akijisikia mzima," akasema. "Hasa akijisikia mzima."

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu kitu kilichotutesa miaka ishirini kilikuwa na jina, na si laana ya baba wala jicho la jirani. Niliomba kiandikwe kwenye karatasi na kupigwa muhuri. Hermani hakufurahi. Wiki ya nne, dawa zilipomtuliza na akaelezwa mwenyewe, aliuliza swali moja tu.

"Daktari, na yale mazuri niliyowahi kusema, nayo ni ya ugonjwa?"

Daktari alifunga kalamu yake. "Hilo siwezi kukupimia, baba," akasema.

Wakati kaka yuko wodini, wanawake wa kwetu waliitana. Hili ni jambo la zamani, na wala serikali ya kijiji haiingilii. Mwanamume akimkosea mwanamke katika mambo ya uzazi, wanawake hukutana peke yao mbugani, kila mmoja na fimbo yake, na hawatoki hapo bila kusema neno. Faini ni fahali mweusi asiye na doa. Wanamchinja na kumla wenyewe, na nyama ikiisha, kosa limeisha. Hakuna atakayelitaja tena, hata kwenye ugomvi wa pombe. Lakini kabla hajaliwa, mkosaji hapewi maji wala moto.

Fahali mweusi kaka alikuwa naye mmoja tu, aliyemlea tangu ndama, na mimi nikaona wanakuja kutunyang'anya kwa kosa la ugonjwa. Nikapanda bodaboda kutoka Endasak, karatasi nimeifunga kwenye nailoni. Niliwakuta wamekaa, kiongozi wao akiwa Mama Akonaay, bibi wa miaka themanini ambaye macho yameanza ukungu lakini masikio hayajambo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikasimama katikati na kusoma. Nilisoma kama mkaguzi wa shule, jamani. Nikaonyesha muhuri kwa kila upande.

"Kwa hiyo siku ile hakuwa yeye?" aliuliza Mama Akonaay.

"Hakuwa yeye, mama. Ulikuwa ugonjwa."

"Na ugonjwa huu unaondoka?"

"Hauondoki. Unatulizwa."

Walinong'ona kwa muda. Nyuma kabisa alikaa Judith, kichanga mgongoni na mkono umefungwa bendeji. Niliona kama ananyoosha ule mkono mzima, na mama mmoja akamgeukia: "Binti, utamkasirikiaje mgonjwa?" Akaushusha. Mimi nilikuwa nakunja karatasi yangu.

"Basi hakuna faini," alisema Mama Akonaay. "Mtoto mdogo akivunja kibuyu hatozwi. Tunamwambia mama yake amwangalie."

Nikawashukuru kwa magoti. Njiani nilinunua nyama nusu kilo, nikala mimi na mume wangu, nikajisifu hadi akachoka kunisikiliza. Nilikuwa nimejipalia makaa na ninaota joto.

Hermani alirudi Aprili. Amekonda, mikono inatetemeka kidogo kwa dawa, lakini macho yake yametulia. Mama alipomwambia habari ya fahali, alifikiri ni utani. Kesho yake akamtoa fahali zizini, akamswaga hadi kwa Mama Akonaay, akasimama nje ya boma amevua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umepata nafuu?"

"Nimeleta ng'ombe wa faini."

"Hapana faini, baba. Wewe ni mgonjwa. Kapumzike."

Akapewa maziwa kwenye kibuyu anywe, na fahali akarudishwa nyumbani. Alimpeleka mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya tatu hawakutoka hata kumpokea, walimtumia maziwa tu.

Hapo ndipo kaka yangu alipoanza kufa akiwa mzima. Kila mtu alikuwa mwema kwake, na wema huo ulimla. Mwezi wa tano aliwaachia ng'ombe wake makusudi waingie kwenye mahindi ya jirani mwingine, Alfredi. Alfredi huyu alishawahi kwenda baraza la kata kwa ajili ya mbuzi mmoja. Basi Alfredi akawatoa ng'ombe kwenye mahindi yake yaliyovunjika, akawafikisha hadi nyumbani, akamwambia mama kwa sauti ya chini: "Mwambieni asiwe na wasiwasi." Hermani alikuwa amesimama hapohapo mlangoni. Kwenye posa hakuitwa tena. Alitumwa Margwe, mtu asiyeweza kumaliza sentensi mbili bila kukohoa. Akichangia neno kwenye kikao cha kijiji, wanaitikia wote "ndiyo, ndiyo," halafu wanaendelea pale walipoishia.

"Tangu nirudi hakuna mtu amenikasirikia," aliniambia. "Hata wewe, Imakulata. Wewe uliyekuwa unanigombeza kwa kuvaa shati kombo."

Nilitaka kumgombeza papo hapo nikashindwa. Ilinitoka sauti laini, kama ya nesi.

Julai, baridi ya huku ikiwa kali, mama alinipigia simu. Alisema neno moja: "Njoo." Nilimkuta amekaa kitandani kwake, na chini ya godoro kumevimba. Akaliinua. Zilikuwa kamba. Za ndama, ya ndoo, ya kufungia kuni, hadi ile ya katani ambayo baba alikuwa akifungia mzigo wa punda.

"Kaniletea jana zote," mama alisema. "Kaniambia, mama, zilalie hizi, usinipe hata nikikuomba."

"Na ndama wanafungwa na nini?"

"Hawafungwi. Wananyonya maziwa yote."

Tukakaa pale tumeshikana mikono kama wafiwa. Nje ndama walikuwa wanazurura uani, wameshiba, na hakuna aliyewafukuza.

Nilimkuta Hermani kwenye benchi la mlangoni, mkebe wa dawa miguuni. Siku mbili alikuwa hajameza. Nikamuuliza kwa nini. Alijibu taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwatuliza nayo wazee.

"Nikimeza, akili inatulia. Ikitulia, nawasikia vizuri wanavyonisemesha kama mtoto. Nikiacha, siwasikii. Sasa niambie wewe mwenye kidato cha nne, nichague lipi?"

"Utapanda tena, kaka. Utamdhuru mtu."

"Nitamdhuru nani? Si mimi. Uliwasomea mwenyewe. Si mimi."

Nilimwogopa, na nilijichukia. Nikaondoka kwenda kwa Mama Akonaay. Nililia mbele yake bila aibu, mwanamke mzima. Nikamwambia naitengua karatasi, nilikosea, alikuwa yeye, mumtoze. Kama nilikuwa nasema kweli au uongo sijui hadi leo. Alikuwa yeye na alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa nimechukua neno moja nikaliacha la pili.

"Karatasi ina muhuri," Mama Akonaay alisema. "Unataka tule ng'ombe wa mgonjwa tujiletee laana sisi? Mkosaji tunamtoza. Mgonjwa tunamhurumia."

"Huruma yenu inamuua, mama."

"Basi mrudishe hospitali, binti yangu." Na alisema hivyo kwa huruma.

Jioni ileile nilimpita Judith njiani, ana ndoo ya maji kichwani. Hakuniamkia, na yeye ni mdogo kwangu kwa umri. Nikasimama nimkaripie, kwa tabia tu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Hukuniuliza," alisema.

"Nini?"

"Siku ya karatasi. Nilinyoosha mkono. Wewe ulikuwa unakunja karatasi."

Ule mkono wa pili ulikuwa umeinuliwa kushika ndoo, na nguo imeshuka. Kovu lilikuwa refu, la rangi ya maini. Nikasema kitu kimoja: "Mwambie yeye, Judith. Mimi sistahili hata kuambiwa." Akapita.

Nilibaki Getanuwas usiku ule, na mama hakulala, alizilalia kamba. Asubuhi, jua likiwa bado upande wa mlima, Judith aliingia uani. Benedict alikuwa mgongoni, na mkononi alishika fimbo ile ya kikao cha wanawake. Hermani alikuwa kwenye benchi lake. Mkebe wa dawa ulikuwa palepale, haujafunguliwa siku ya tatu.

"Ulikaa kwa baba yangu siku nzima," Judith alianza, na hakuwa na salamu. "Ulimwambia nikipata shida kwenye ndoa ile nije kwako. Nimekuja. Nilikuwa mzazi wa siku nne. Uliingia mahali ambapo mume wangu hakuingia. Ulinisukuma kwenye moto, ukamchukua mwanangu ukamtia kwenye maji ya ng'ombe. Siku kumi na moja nimekaa nahesabu anavyopumua. Halafu wanakaa mbugani wananiambia nisikasirike."

Mama akatoka ndani. "Mwanangu Judith, mvumilie, ni mgonjwa."

"Najua ni mgonjwa, mama. Na mimi nimeungua."

Alimgeukia kaka tena. Sauti yake haikushuka. "Wanasema hukuwa wewe. Mkono ulionisukuma ni huu, naujua, ndio ulioshika kibuyu cha pombe ya posa yangu. Wao wamekusamehe. Mimi bado. Nikikusamehe nitakuja kukuambia kwa mdomo wangu, na kama sijaja, ujue bado."

Hermani alikuwa amesimama tayari. Kofia ilikuwa mkononi. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye ndevu na hakuyafuta.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi, Judith. Ni kweli yote."

"Sijamaliza," Judith alisema. "Nina mengine. Lakini mama mkwe wangu aliniambia umeacha dawa." Akaugusa mkebe kwa ncha ya fimbo. "Siwezi kumgombeza mtu asiyesikia. Nitarudi Jumapili baada ya misa, nikukute unanisikia."

Akageuka, akaondoka. Mtoto mgongoni alikuwa amelala, hajui kitu.

Kaka alikaa chini. Vidole vilimsumbua kufungua kifuniko na sikumsaidia. Akameza vidonge vyake kwa chai ya mama iliyopoa, akauliza, "Leo ni siku gani?" Nikamwambia ni Alhamisi. Akahesabu kwa midomo. Kisha akatazama uani, ambako ndama wawili walikuwa wamewang'ang'ania mama zao.

"Mama," alisema. "Nipe kamba moja. Ya ndama."

Mama alinitazama. Akaingia ndani, akakawia, akatoka na ile fupi kuliko zote. Hermani akaipokea kwa mikono miwili na kwenda zizini, na mama akamfuata nyuma, akasimama hapo mpaka kaka akamaliza kumfunga ndama.